Saini Kumi na Moja kwenye Matope

Fiche ya Uwamwezi, karatasi ya rekodi yake ya udereva, ilikuwa na makosa kumi na moja ya barabarani, na kila patron mwenye kamyo aliyeifungua aliifunga tena kabla hajafika chini ya ukurasa. Wa kwanza, kule Sake, aliirudisha kwa ncha ya vidole kama kitu kilicholowa. Wa pili alimwuliza kama hajafikiria kuuza nyanya. Wa tatu hakumwambia hata akae.

"Mama, na fiche kama hii, miye siwezi kukupatia hata baiskeli," alisema, akaendelea kula.

Uwamwezi alitoka. Alijua maneno hayo yalitoka kwa nani. Hubert, patron wake wa zamani, alikuwa amezipiga fotokopi PV zake zote kumi na moja, zile karatasi za makosa zinazoandikwa na polisi, na kuzigawa kwa kila mtu mwenye kamyo kuanzia Sake mpaka Walikale. "Mumwone huyu mwanamke," alikuwa akiwaambia. "Mumwone vizuri kabla hajawaharibia gari."

Kabla ya kufanya kazi kwa Hubert, Uwamwezi alikuwa ameendesha miaka minne bila PV hata moja. Baba yake, Sebahire, mfugaji wa Bihambwe, ndiye aliyemfundisha, kwa pickup ya maziwa, kwa sababu watoto wake wa kiume walipenda ng'ombe kuliko usukani. Kisha Hubert akamwita. Alikuwa na kamyo tatu, viatu vyenye ncha, na sauti ya upole. Kamyo aliyompa Uwamwezi ilikuwa na taa moja. Pneu zake, matairi yote, zilikuwa zimeisha mpaka uzi unaonekana, na ilipakiwa kupita kiasi kila safari. Polisi wa roulage, wale wa barabarani, waliposimamisha gari na kutoa kitabu cha PV, Hubert alikuwa na neno moja tu kwenye simu.

"Sainia, dada. Polisi anataka jina, umupe jina. Iyo ni karatasi tu. Miye njo nitaiondoa."

Hakuiondoa hata moja. Zilikaa pale kwenye fiche, zote kwa jina la Uwamwezi.

Ya kumi na moja ilikuwa ya Lushebere. Ilikuwa asubuhi yenye jua, barabara kavu. Kwenye mteremko pedali ya frein, ya breki, ilienda mpaka chini na haikurudi. Mbele yake kulikuwa na mkulima mmoja, Edmond, anasukuma chukudu yake, ile gari ya mbao ya magurudumu mawili, na magunia mawili ya maharagi juu. Uwamwezi aliitupa kamyo kwenye ukingo wa mlima ili asimgonge, na kichwa cha kamyo hakikumgonga. Mkia ndio uliogeuka ukamkamata mguu.

Hubert alifika na pikipiki kabla damu haijakauka. Hakwenda kumwangalia Edmond. Alimvuta polisi pembeni, wakaongea wakicheka kidogo, na PV ilipoandikwa, ilisema "mwendo wa kasi." Hakuna neno la frein, ijapokuwa mekanisia, fundi wa kamyo zake, alikuwa amemwambia Hubert wiki nzima kwamba zimekwisha. Uwamwezi alisaini bila kusoma, macho yakiwa kwa Edmond. Siku iliyofuata Hubert akamfukuza.

Mwaka mzima alikaa Bihambwe akikamua ng'ombe za baba yake. Mama yake alidhani anaomba, kwa vile midomo yake ilikuwa inacheza akiwa amechuchumaa chini ya ng'ombe. Hakuwa anaomba. Kila alipovuta chuchu alikuwa analitaja jina la Hubert, kwa sauti ya chini, na maziwa yanapiga ndani ya ndoo. Alifikiria kumchomea kamyo. Alifikiria kumtilia mchanga kwenye moteur. Lakini mambo hayo yangemfanya Hubert kuwa mtu wa kuhurumiwa, na hilo hakulitaka. Alitaka watu wamjue.

Ndipo aliposikia kwamba kule Mubi, mwenye depo mmoja, Papa Raphaël, anatafuta shofere wa kupeleka mafuta ya ngazi, yale ya mawese, Masisi na kurudi na maharagi. Alipanda pikipiki siku mbili, akafika na matope mpaka kwenye nyusi. Hakusubiri kuombwa fiche. Alizitandika PV kumi na moja zote juu ya meza ya Papa Raphaël, moja moja, kama mtu anayetandika samaki sokoni.

Papa Raphaël alikuwa mzee mnene, mwenye miwani aliyoifunga kwa kamba. Aliinama akasoma bila haraka. Pikipiki zilikuwa zinapita nje na mizigo ya wachimbaji, meza inatetemeka.

"Mbona unanionyesha?" aliuliza. "Wengine wanafichaka."

"Soma plaque, Papa. Usisome jina langu. Soma plaque ya gari."

Alisoma. Namba ya plaque ilikuwa ile ile moja mara kumi na moja.

"Mbele ya ile gari niliendesha miaka mine," Uwamwezi alisema. "Tafuta PV moja yenye plaque ingine. Kama unaipata, nitarudia Bihambwe na miguu."

Papa Raphaël alizikusanya zile karatasi. Alichukua ufunguo kwenye msumari, akamwonyesha kamyo iliyojaa madumu mbele ya soko, akamwambia airudishe nyuma mpaka mlango wa depo. Ilikuwa saa ya soko, akina mama wamekaa na sombe yao, majani ya muhogo, pande zote mbili, pikipiki zinapita katikati bila adabu. Uwamwezi alishuka kwanza, akapita nyuma ya gari akiangalia kila kitu kilichokaa chini, akawasalimia wale akina mama kwa heshima. Kisha akapanda. Alirudisha taratibu, bila honi, na hakuna hata fungu moja la sombe lililohamishwa.

"Nitakuuliza kitu kimoja," Papa Raphaël alisema alipozima moteur. "Juu ya nini unataka barabara ya Masisi? Shofere wote wanaikimbia."

"Juu Hubert anapitaka mule."

Mzee alivua miwani. "Sikia, mutoto wangu. Miye natafuta shofere. Sitafute vita."

"Shofere utamupata, Papa. Vita iko yangu."

Papa Raphaël akampa miezi mitatu ya majaribio. PV moja tu, hata ya taa, na kazi imekwisha.

Uwamwezi hakupata hata moja. Kila asubuhi alilala chini ya kamyo na kuangalia frein kwa mikono yake, hata kama aliziangalia jana. Alikataa magunia ya ziada mbele ya wafanyabiashara waliomtukana. Kwenye barrière, vizuizi vya barabarani, polisi walizunguka gari mara mbili, tatu, wakitafuta, kisha wakamwambia apite, kama watu walioibiwa. Na akina mama wa Masisi wenye kuuza maharagi wakaanza kusema kwamba mzigo wao unafika mkavu na kwa siku iliyoahidiwa. Mmoja baada ya mwingine walihamisha magunia yao kutoka depo ya Hubert. Kila gunia alilopakia Uwamwezi lilimfurahisha, na hakuona haya kwa furaha hiyo. Usiku majaribio yalipokwisha, alinunua cahier ya shule na kalamu mbili. Aliandika kurasa kumi na moja, kila ukurasa na tarehe yake, akaiweka cahier ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya kiti.

Mvua za Oktoba zilikuja kwa hasira. Ng'ambo ya Nyabiondo, barabara inapoingia msituni, kuna bourbier moja, shimo refu la matope, ambayo madereva wanaiita Salongo, yaani kazi ya pamoja ya lazima, kwa sababu hakuna anayefika pale bila kushika jembe. Ina urefu wa mita ishirini hivi, na pabaya zaidi ni katikati. Uwamwezi alifika pale saa tano asubuhi akitoka Mubi na mafuta. Upande wa pili, kamyo moja ilikuwa imekwama kwenye mdomo wa matope, pua imeelekea kwake, na nyuma yake kulikuwa na kamyo nyingine sita zinangoja.

Aliitambua plaque kabla hajamtambua mtu.

Hubert mwenyewe alikuwa kwenye usukani. Shofere wake wa tatu mwaka ule alikuwa ameacha ufunguo kwenye kiti na kwenda zake. Hubert alishuka na viatu vyake vyenye ncha, tope likamfika magotini, akavuka akipunga mkono kabla hajaona ni nani anayemwendea. Alipoona, mkono ulishuka.

"Uwamwezi," alisema. Kisha akarudisha ile sauti ya upole. "Dada yangu. Mungu njo amekutuma. Weye uko na kable. Nivute, tafazali. Niko na mashu na fromage, siku ya tatu leo."

"Naisikia harufu," Uwamwezi alisema. Kabichi na jibini vilikuwa vimeanza kuoza.

Alishuka na cahier mkononi na kuifungua juu ya kapo, ile boneti ya mbele ya gari. Madereva wengine walikuwa wamesogea, wamelowa, wamechoka, wanataka tu barabara ifunguke. Kati yao alikuwa Magloire, shofere wa siku nyingi aliyemjua tangu enzi za pickup ya maziwa.

"Nitavuta," Uwamwezi alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Saini moja, mita moja. Ukurasa wa kwanza: taa. Soma kwanza, kwa nguvu, bandugu basikie."

Hubert alicheka. Aliwaangalia wale wengine ili wacheke naye, lakini hawakucheka. Kila mmoja wao alikuwa na PV nyumbani aliyoisaini kwa kosa la mtu mwingine.

Alisoma. "Miye Hubert nakubali kama PV ya tarehe nane mwezi wa pili ilikuwa ya gari yangu, na kosa yangu, hapana ya shofere." Akasaini haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Uwamwezi alifunga kable, akarudisha kamyo nyuma mita moja, akasimama. Akashuka. Ukurasa wa pili.

Ndivyo walivyokwenda. Pneu. Uzito. Assurance, bima isiyolipwa. Uzito tena. Kila mara Hubert alisoma kwa sauti inayozidi kushuka, na kila mara Magloire alisema, "Hatusikie, patron," naye akalazimika kurudia. Aliposaini ya kumi, mvua ilikuwa imeanza upya, na kamyo yake ilikuwa katikati kabisa ya Salongo, magurudumu yamezama mpaka nusu. Ndipo alipogeuka kuangalia nyuma, akaelewa. Pale alipokuwa amekwama asubuhi, watu kumi na majembe wangeweza kumtoa. Pale alipo sasa, hakuna wa kumtoa isipokuwa kable ya Uwamwezi.

"Ukurasa wa kumi na moja," Uwamwezi alisema.

Hubert aliusoma kimya. Uso wake ukabadilika.

"Hii hapana."

"Soma."

"Hii ni gereza, Uwamwezi! Unataka niandike kama nilijua frein zimekwisha?"

"Ulijua. Mekanisia alikuambia wiki muzima. Na Edmond alikatwa muguu, na weye ukaenda kucheka na polisi."

"Sitasaini."

"Haina neno," alisema. Alifungua kable, akaikunja vizuri, akapanda ndani ya kamyo na kuzima moteur. "Miye nabeba mafuta ya ngazi. Haiozake."

Walikaa pale siku nzima. Réseau ya simu haikuwepo, na hata kama ingekuwepo, Hubert hakuwa na wa kumpigia. Uwamwezi alikaa juu ya kiti chake, mlango wazi, anakula muhogo wa kuchemsha na kumtazama. Hakuwa na haraka. Alikuwa amengoja mwaka mzima chini ya tumbo la ng'ombe. Siku moja kwenye kiti kikavu ilikuwa mapumziko. Alimwona Hubert akijaribu kuchimba kwa mikono. Alimwona akiteleza, akikaa kwenye tope, akikosa kiatu kimoja na kukitafuta kwa kupapasa. Maji ya mashu yaliyooza yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye sanduku la gari. Kila tone lilimwingia Uwamwezi moyoni kama chai ya moto.

Asubuhi ya pili wale madereva sita hawakuwa tena watazamaji. Walikuwa na mizigo yao, na watoto wao walikuwa wanangoja.

"Patron, saini," mmoja alimwambia.

"Kama hukujua, sema hukujua," Magloire alisema. "Apa mbele yetu sote. Sema kwa jina ya mama yako kama hukujua, na siye wenyewe tutamuambia akuvute."

Hubert alifungua mdomo. Walimngoja. Mvua ilikuwa imekoma, kukawa kimya kiasi cha kusikia maji yakitembea chini ya majani. Hakusema. Saa sita kasoro robo alivuka matope bila viatu, akaomba kalamu. Alisoma ukurasa wote mpaka mwisho, neno kwa neno, naye Uwamwezi alisimama karibu ili asikose hata moja. Magloire na madereva wengine watano waliandika majina yao chini kama mashahidi. Kisha Uwamwezi akafunga kable na kumvuta mpaka mahali pakavu, vizuri, kama alivyoahidi, bila kuvunja hata kioo.

Hakupitiliza kwenda Masisi-centre kushusha mafuta. Alisimama kwanza Lushebere.

Edmond alikuwa amekaa mbele ya nyumba, anachambua maharagi kwenye ungo, suruali imefungwa fundo chini ya goti. Mke wake, Marie, alimwona Uwamwezi akija, akaingia ndani bila salamu. Uwamwezi alisimama na cahier yake. Njiani alikuwa amejisikia mtu mrefu. Alisoma ukurasa wa kumi na moja wote, na saini, na mashahidi sita, akangoja.

Edmond aliendelea kutupa maharagi mabovu pembeni.

"Ile gari ilikuwa ya Hubert," alisema mwishowe. "Miye nilijua. Na alijua frein ni mbaya. Sawa. Na weye?"

"Miye nini, Papa Edmond?"

"Weye ulikuwa ku usukani. Ile asubuhi, ulijua?"

Uwamwezi aliangalia chini. Katika mwaka mzima wa kulitaja jina la Hubert, hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa amelizunguka swali hilo kama shimo barabarani.

"Nilijua," alisema. "Pedali ilienda mpaka chini mara mbili mbele ya kufika Lushebere. Nikaikanyaga tena na tena, ikarudi. Nikasema itarudi tena."

"Juu ya nini hukusimama?"

"Niliogopa kufukuzwa."

Edmond alitikisa kichwa, bila hasira, kama mtu aliyeambiwa jambo alilolidhania. "Basi iyo karatasi yako haijaisha. Bado jina moja."

Kalamu ilikuwa mfukoni. Uwamwezi alichuchumaa chini pale karibu na ungo, akaandika ukurasa wa kumi na mbili kwa mkono wake, tarehe ile ile, mteremko ule ule, na jina lake. Halafu akampa Edmond cahier yote.

Edmond aliipeleka mbele ya hakimu, Masisi. Avocat, wakili wa Hubert, alipiga kelele kwamba mtu aliyekwama matopeni husaini chochote, lakini Magloire na wenzake walikuja wote sita, na mekanisia, alipoona hayuko peke yake, akaja pia. Hubert alipewa miaka miwili ya kifungo, na kamyo zake zikauzwa ili Edmond alipwe. Uwamwezi alinyang'anywa permis ya kuendesha kwa miezi kumi. Papa Raphaël alipoambiwa kwa simu, alisema ataajiri mtu mwingine kwa sasa, na kwamba miezi kumi sio milele. Uwamwezi hakumwomba zaidi ya hapo.

Kwenye korido, wakati polisi wanamtoa Hubert, walipishana karibu sana. Alikuwa amekonda. Viatu vyake vilikuwa vya plastiki.

"Umefurahi?" alimwuliza. "Umejiangusha na weye mwenyewe."

"Ndiyo," Uwamwezi alisema. "Lakini nimekuangukia juu."

Alimtazama mpaka alipopotea mlangoni, kwa sababu hakutaka kukosa hata hatua moja. Watu wa kanisa walikuwa wamemwambia amsamehe. Aliangalia ndani ya moyo wake kama kuna msamaha pale, akaona haupo, akatoka nje.

Kwenye uwanja, motard mmoja, dereva wa pikipiki, alikuwa amekubali kumrudisha Edmond Lushebere. Marie alikuwa amekwisha kukaa nyuma kabisa. Edmond alijaribu kupanda katikati, fimbo ya kwapani ikamzuia, akashuka, akajaribu tena. Aligeuka akamwona Uwamwezi amesimama. Hakumwita kwa jina. Alimnyooshea tu ile fimbo, naye Uwamwezi akaja akaishika mpaka Edmond alipokaa vizuri, kisha akamrudishia.